HandBrake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uendelezaji na Matoleo Yake

Maelezo haya yanajibu maswali ambayo watumiaji wa HandBrake huyarudia kila toleo jipya linapokaribia au linapotoka. Hayakuandikwa na waendelezaji wa programu hiyo, bali na mtumiaji wa muda mrefu ambaye amezoea kusoma orodha ya mabadiliko kabla ya kubofya kitufe cha kusasisha. Anayetafuta maelekezo ya kugeuza video hatua kwa hatua atapata machache tu hapa.

HandBrake ni nini, na inahusiana vipi na FFmpeg?

HandBrake ni programu huria ya kugeuza video kutoka umbizo moja kwenda jingine, inayotumika kwenye Windows, macOS na Linux. Ina sura ya madirisha na vitufe kwa watumiaji wa kawaida, na ina pia HandBrakeCLI kwa wale wanaopenda kuandika amri. Imetolewa kwa leseni ya GPL toleo la 2, kwa hiyo yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza, mradi atakayeisambaza naye atoe msimbo chanzo kwa masharti yale yale.

FFmpeg ni mradi mwingine kabisa, ulioanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, na ndani yake mna maktaba za kusoma, kuchambua na kuandika karibu kila aina ya faili ya sauti na video. HandBrake imejengwa juu ya maktaba hizo pamoja na nyingine, kama vile x264 kwa video za H.264, x265 kwa H.265 na SVT-AV1 kwa AV1 (H.264, H.265 na AV1 ni kodeki, yaani njia za kubana video; x264, x265 na SVT-AV1 ni enkoda, yaani programu zinazofanya kazi ya kubana). Uhusiano huo ndio ufunguo wa karibu majibu yote yanayofuata, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachoitwa kipya katika HandBrake huwa kimeiva kwanza katika maktaba hizi.

Ilianza lini, na kwa nini toleo la 1.0 lilichelewa hivyo?

Eric Petit aliianzisha mwaka 2003 kwa ajili ya mfumo wa BeOS, ambao leo wengi hawaukumbuki, kisha ikahamishiwa kwenye kompyuta za Mac. Baadaye kazi ilipozorota, baadhi ya watu walitoa mchipuko, yaani mradi tofauti uliotokana na msimbo ule ule, ulioitwa MediaFork, na mwaka 2007 pande hizo mbili ziliungana tena chini ya jina la HandBrake.

Toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 24 Desemba 2016, yaani zaidi ya miaka 13 tangu mradi uanze. Wapo waliodhani kwamba hadi siku hiyo programu ilikuwa ya majaribio tu. Haikuwa hivyo, watu walikuwa wakiitumia kwa kazi za kila siku tangu zamani, ila katika miradi ya kujitolea namba iliyo chini ya 1 mara nyingi huonyesha unyenyekevu wa waendelezaji kuliko udhaifu wa programu. Kwa maoni yangu, mabadiliko yaliyomgusa mtumiaji zaidi mwaka ule hayakuwa namba yenyewe, bali mipangilio iliyotayarishwa ambayo iliandikwa upya, pamoja na mwongozo wa matumizi ulioandaliwa upya.

Toleo lijalo litatoka lini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo lisilo na tarehe ya kujibiwa. Mradi unaendeshwa na kikundi kidogo cha watu wanaojitolea, na toleo hutoka likiwa tayari. Hata hivyo historia inatoa picha fulani. Toleo la 1.3.0 lilitoka Novemba 2019, na 1.4.0 likafuata Julai 2021, miezi ishirini baadaye. Kisha 1.5.0 likatoka Januari 2022, baada ya takribani nusu mwaka tu. 1.6.0 lilifika Desemba 2022, 1.7.0 Novemba 2023, 1.8.0 Mei 2024, 1.9.0 Desemba 2024, na 1.10.0 Agosti 2025.

Msomaji ataona kwamba kati ya toleo kubwa moja na jingine hupita miezi sita hadi mwaka mmoja, na kwamba pengo likirefuka kupita hapo huwa kuna kazi nzito ya ndani. Pengo kati ya 1.3 na 1.4 linaeleweka vizuri ukijua kilichofanyika. Hadi wakati ule, injini ya HandBrake ilikuwa ikipitisha picha zote katika biti 8 kwa kila rangi, hata kama video ya asili ilikuwa na biti 10. Kuifanya ipitishe biti 10 na 12, pamoja na taarifa za HDR10 (video zenye mwangaza na rangi pana zaidi), kulimaanisha kupitia upya kila kichujio na kila hatua kati ya kusoma na kuandika. Kazi ya namna hiyo haionekani kwenye dirisha la programu. Anayeifungua huona vitufe vile vile na kujiuliza watu walikuwa wakifanya nini kwa miezi ishirini.

Je, 1.10 si ndogo kuliko 1.9?

Hapana. Namba za matoleo si desimali. Kila sehemu kati ya nukta husomwa peke yake kama namba kamili, kwa hiyo baada ya 1.9 huja 1.10, kumi ikifuata tisa. Mradi huu ulishafanya hivyo kabla: 0.9.9 lilitoka mwaka 2013 na 0.10.0 likafuata Novemba 2014, na hata wakati huo wapo waliodhani wameshushwa daraja.

Namba ya katikati inapobadilika, tarajia vipengele vipya na tabia tofauti. Namba ya mwisho inapobadilika, kwa mfano kutoka 1.7.0 kwenda 1.7.1, ni marekebisho ya hitilafu pamoja na, mara nyingine, maktaba zilizosasishwa kwa sababu za usalama. Namba ya kwanza imekaa kwenye 1 tangu mwaka 2016, na hakuna haja ya kungoja 2 ili kuiona programu kuwa imekomaa.

Matoleo ya majaribio ya kila siku ni ya nani?

Msimbo wa HandBrake uko GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo wa programu. Tawi kuu, yaani nakala kuu ya msimbo huo, ndilo linalopokea kazi mpya, na kila mfululizo wa toleo imara una tawi lake la kupokea marekebisho peke yake. Kutokana na tawi kuu hutengenezwa programu za majaribio ambazo mtu yeyote anaweza kuzipakua.

Zinamfaa mtu wa aina mbili: yule aliyeripoti hitilafu na anataka kuthibitisha kwamba imerekebishwa, na yule anayetaka kuonja kipengele kipya akijua kwamba huenda kikabadilika kesho. Hazimfai mtu mwenye video za harusi mia mbili za kugeuza kabla ya mwisho wa wiki. Mipangilio iliyohifadhiwa na toleo la majaribio huenda isisomeke ukirudi kwenye toleo imara, na hilo ndilo linalowakwaza wengi kuliko programu kukatika ghafla.

Kwa nini kodeki mpya huchukua muda mrefu kuingia?

AV1 ni mfano mzuri. Maelezo ya kiufundi ya kodeki hiyo yalitangazwa mwaka 2018, lakini HandBrake ilianza kuiandika katika toleo la 1.6.0, Desemba 2022. Wapo waliolalamika kwamba miaka minne ni mingi mno. Lakini enkoda za mwanzo za AV1 zilikuwa za polepole kiasi cha kumchosha mtumiaji wa kawaida, na hakuna faida ya kumpa mtu kitufe kitakachoifanya kompyuta yake ihangaike usiku kucha kwa video ya dakika kumi. SVT-AV1 ilipopata kasi ya kuridhisha ndipo ikaingizwa, na pamoja nayo ukaingia uwezo wa kutumia chipu za Intel zenye enkoda ya AV1. Chipu za NVIDIA na AMD zilifuata katika 1.7.0.

Kuna pia upande wa kusoma. HandBrake haina budi kuweza kufungua faili ambayo imeitengeneza yenyewe, na vifaa vya watu navyo lazima viweze kuicheza. Simu na televisheni nyingi zilizoko mikononi mwa watu hazina dekoda ya AV1, yaani sehemu ya kuifungua video iliyobanwa, ndani ya chipu, na kodeki ambayo kicheza video hakiijui ni sawa na barua iliyoandikwa kwa lugha ambayo mpokeaji haisomi. Kwa sababu hiyo H.264 ingali chaguo salama pale mtu asipojua video itachezwa wapi.

Niliwahi kusikia kwamba HandBrake ilitumia Libav badala ya FFmpeg. Ni kweli?

Ni kweli. Mwaka 2011 waendelezaji wa FFmpeg waligawanyika, na kundi mojawapo likaanzisha Libav. Mgawanyiko huo ulizisumbua programu nyingi zilizotegemea maktaba hizo, na kila mradi ulilazimika kuchagua upande. HandBrake ilikuwa upande wa Libav kwa miaka kadhaa, hadi toleo la 1.2.0, Desemba 2018, lilipohamia FFmpeg. Kufikia wakati huo kazi ya Libav ilikuwa imefifia, huku FFmpeg ikiendelea kupokea dekoda mpya na marekebisho.

Kwa mtumiaji, uhamisho huo ulimaanisha aina nyingi zaidi za faili kufunguka bila malalamiko. Kwa waendelezaji ulimaanisha kwamba kila FFmpeg inapotoa toleo kubwa, HandBrake hulifuata kwa karibu: FFmpeg 7.0 ilitoka Aprili 2024, na HandBrake 1.8.0 ya Mei 2024 ilikuja nayo. Anayetaka kubashiri HandBrake ijayo itakuwa na nini, asome mabadiliko ya FFmpeg na ya SVT-AV1 kwanza.

Nimesasisha, nimetumia mipangilio ile ile, lakini faili limetoka na ukubwa tofauti. Je, kuna hitilafu?

Mara nyingi hakuna. Katika HandBrake, njia ya kawaida ya kudhibiti ubora ni kipimo kinachoitwa RF, ambapo namba ndogo humaanisha ubora mkubwa na faili kubwa. Kwa x264 na x265, mwongozo wa programu unapendekeza RF kati ya 20 na 24 kwa video za 1080p. Kipimo hiki hakiagizi ukubwa wa faili. Kinaiagiza enkoda itunze kiwango fulani cha ubora na itumie biti itakazohitaji. Enkoda ikiboreshwa, namna yake ya kuamua wapi itumie biti na wapi ibane hubadilika, na RF 22 ya mwaka huu si lazima itoe faili lenye ukubwa ule ule wa RF 22 ya miaka mitatu iliyopita.

Tena RF haifanani kati ya enkoda moja na nyingine. RF 30 ya SVT-AV1 na RF 30 ya x264 ni vitu viwili tofauti kabisa, na kuzilinganisha ni kama kulinganisha vipimo vya viatu vya nchi mbili. Dawa ni ile ile ya siku zote: geuza kipande cha dakika moja au mbili, kitazame kwenye skrini utakayoitumia, kisha uamue. HandBrake ina kitufe cha kutengeneza kipande cha mfano kwa kazi hiyo hasa, na nashangaa ni wachache kiasi gani wanaokitumia.

Ikiwa faili limetoka na picha iliyoharibika, rangi zilizobadilika au sauti isiyokwenda sambamba na picha, hapo sasa pana sababu ya kushuku hitilafu.

Enkoda za kadi ya michoro ni nzuri kuliko zile za programu?

Ni za haraka kuliko zile za programu. Enkoda za NVIDIA na AMD ziliingia katika 1.2.0, ya Intel ilikuwapo tangu 0.10.0. Kwa ukubwa ule ule wa faili, x264 au x265 zikipewa muda wa kutosha kwa kawaida hutoa picha safi zaidi, kwa kuwa mzunguko wa chipu hauna nafasi ya kujaribu njia nyingi kabla ya kuamua. Anayehifadhi kumbukumbu za familia kwa miaka mingi atumie enkoda za programu. Anayetaka kutuma video leo jioni, atumie chipu.

Kwa nini AVI iliondolewa, na itarudi?

Haitarudi. AVI iliondolewa katika 0.9.4, mwaka 2009, pamoja na OGM na enkoda ya XviD. Umbizo la AVI lilibuniwa kabla ya kodeki za kisasa, na kuliweka H.264 ndani yake kulihitaji hila ambazo ziliwasumbua watumiaji kwa sauti kuachana na picha na kwa manukuu kukosa mahali pa kukaa. Leo HandBrake huandika MP4, MKV na, tangu 1.3.0, WebM. Kusoma faili za AVI bado kunawezekana bila shida.

Jambo hili linaeleza tabia ya mradi kwa ujumla: kipengele kisichoweza kutunzwa vizuri huondolewa, hata kama kuna watakaonuna. Binafsi naona ni afadhali hivyo kuliko programu yenye vitufe mia ambavyo nusu yake havina wa kuviangalia.

Nifanye nini kabla ya kusasisha?

Maliza foleni yako kwanza. Foleni iliyohifadhiwa na toleo la zamani haina uhakika wa kusomeka na toleo jipya, na waendelezaji hurudia onyo hilo karibu kila wanapotoa toleo. Kisha hamisha mipangilio uliyoitengeneza mwenyewe iwe faili pembeni. HandBrake huiandika kama faili la maandishi la JSON, ambalo linaweza kuingizwa tena baadaye kwa kubofya mara moja. Mwisho, soma orodha ya mabadiliko, hasa sehemu ya mfumo unaoutumia, kwa sababu mabadiliko ya Windows, Mac na Linux huorodheshwa mbalimbali. Watumiaji wa Linux waliosasisha kwenda 1.8.0 bila kusoma walikuta sura imehamishiwa GTK 4, maktaba ya kuchora madirisha na vitufe, na kwenye mifumo ya zamani kidogo programu haikufunguka.

Kompyuta yangu ni ya zamani. Je, nitaachwa nyuma?

Siku moja, ndiyo. Maktaba ambazo sura za programu zimejengwa juu yake huacha kuunga mkono mifumo ya zamani, na HandBrake haina namna ya kuzilazimisha. Matoleo ya nyuma yanaendelea kupatikana, na kwa kazi ya H.264 toleo la miaka michache iliyopita bado linafaa.

Nitajuaje kwamba nilichopakua ni halisi?

Tovuti rasmi ni handbrake.fr, na msimbo uko GitHub. Kwa Linux kuna pia kifurushi rasmi cha Flatpak. Jihadhari na tovuti zenye majina yanayofanana.

Tahadhari hii ina sababu. Kati ya tarehe 2 na 6 Mei 2017, mojawapo ya seva za kupakulia HandBrake ilivamiwa, na faili la toleo la 1.0.7 la Mac likabadilishwa kwa jingine lililobeba Proton, programu hasidi inayomwezesha mvamizi kudhibiti kompyuta na kuiba nywila. Seva zilikuwa mbili, kwa hiyo aliyepakua siku zile alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuambukizwa. Waliosasisha kupitia programu yenyewe, wakiwa tayari na 1.0 au jipya zaidi, hawakuathirika, kwa kuwa njia hiyo hukagua saini ya kidijitali na faili bandia lisingepita. Waendelezaji walitangaza tukio hilo wazi na kueleza namna ya kulitambua na kuliondoa.

Funzo la kiutendaji ni kuhakiki faili. Kila toleo hutangazwa pamoja na namba ndefu ya SHA-256. Hesabu namba ya faili ulilolipakua, kisha linganisha; herufi moja ikitofautiana, usilifungue.

Niripoti vipi hitilafu ili isikilizwe?

Ambatanisha kumbukumbu ya shughuli. HandBrake huandika faili la maandishi kwa kila video inayogeuzwa, likieleza toleo la programu, aina ya kompyuta, mipangilio iliyotumika na kila kilichotokea hatua kwa hatua. Bila faili hilo, mwendelezaji hana pa kuanzia, na ripoti isemayo tu kwamba programu haifanyi kazi hufungwa mapema. Kabla ya hapo, jaribu toleo imara la mwisho, maana huenda tatizo limekwisha kurekebishwa.

Maombi ya vipengele vipya hupokelewa pia, lakini mengine hukataliwa kwa msimamo ambao haujabadilika kwa miaka. HandBrake haivunji kinga za kunakili za diski, haiunganishi vipande vya video, na haipitishi picha bila kuigeuza upya. Anayetaka kubadilisha kontena tu (umbizo la faili linalobeba picha na sauti), tuseme kutoka MKV kwenda MP4, bila kugusa picha, atumie FFmpeg kwa amri ya `ffmpeg -i video.mkv -c copy video.mp4`. Kazi hiyo humalizika kwa sekunde chache na ubora haupungui hata kidogo.

Sijui kuandika programu. Naweza kuchangia?

Unaweza. Tafsiri za sura ya programu hufanywa na watu wa kujitolea kupitia tovuti ya Transifex, na hakuna msimbo unaohitajika. Ugumu wake uko katika istilahi: lazima uamue utaitaje kodeki, kichujio, fremu na manukuu, kisha ushikilie neno lile lile kuanzia dirisha la kwanza hadi la mwisho. Mwongozo wa matumizi nao uko wazi kwa masahihisho. Mchango mwingine unaothaminiwa ni kujaribu matoleo ya majaribio kwenye vifaa ambavyo waendelezaji hawana, kwa mfano kadi za michoro za aina adimu.

Ni lazima nisasishe kila toleo linapotoka?

Si lazima. Marekebisho ya namba ya mwisho ni vyema kuyachukua, kwa kuwa FFmpeg husoma faili kutoka vyanzo visivyojulikana, na mianya ya usalama katika dekoda hugunduliwa mara kwa mara. Toleo la namba ya katikati linaweza kungoja hadi umalize mradi ulionao, na wengi wenye uzoefu husubiri toleo linaloishia na .1 kabla ya kuhama. Usibadilishe programu ukiwa katikati ya mfululizo wa video zinazotakiwa kufanana: kipindi cha kwanza hadi cha mwisho vigeuzwe kwa toleo moja, kwa mipangilio ile ile, na namba ya toleo uiandike pamoja na faili za mipangilio ulizohifadhi.